Mkufunzi Aliyepima Marahaba

Mkufunzi alikuwa na tabia moja iliyonichekesha kwa miaka mingi kabla haijaanza kuniumiza. Alipima muda kati ya shikamoo na marahaba. Ukipita naye njia ya kwenda stesheni pale Kilosa, mkamwamkia mzee aliyekaa kibarazani kwake, yeye alikuwa akihesabu kimya kimya, na mkishampita hatua kumi hivi alikupa matokeo. "Huyu kaitikia haraka mno, anataka tuondoke. Ana jambo." Au, "Huyu kaivuta ile marahaba. Katufurahia." Alisema katika kijiji chochote chenye vita utajua uko kwa rafiki au kwa adui kabla hujapewa kiti, ilimradi unajua kusalimia na unajua kusikiliza unavyoitikiwa.

Nilikuwa msichana wa darasa la tatu tulipohamia jirani yake. Mama yangu ni muuguzi, tulishuka kutoka Berega, Waanglikana wa milimani tusiojua joto, na nyumba tuliyopanga ilitenganishwa na ya Mkufunzi na ua wa minyaa tu. Siku hizo alikuwa bado jeshini, afisa mteule aliyefundisha mbinu za medani, na alikuja nyumbani wakati wa likizo. Mtaa mzima ulimwita Mkufunzi, hata mkewe, hata imamu wa msikiti wake. Jina lake halisi nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na sitaliandika hapa. Yuko hai, na akisoma haya atayasoma na kalamu nyekundu mkononi.

Alikuwa na wazee wake wawili wa vitabuni, walioandika zamani juu ya vita. Mmoja alimwita Mjerumani, mwingine Mchina. Majina yao aliyajua vizuri, ila alisema ukimtaja mwanachuoni kwa jina kila saa watu wanaacha kusikiliza hoja yake na kuanza kumsujudia. Sasa, Kilosa ni mji ambao Mjerumani anakumbukwa kwa reli, kwa boma na kwa viboko, kwa hiyo wazee wa mtaani hawakuelewa mtu mwenye akili zake anamsifia Mjerumani kwa lipi. "Huyu wangu ni mwingine," aliwaambia. "Huyu wangu alipigwa kwanza, ndipo akakaa chini akafikiri." Wakamcheka, naye akacheka, na kesho yake akaendelea palepale alipoachia.

Alifundisha kwa chochote kilichokuwa karibu. Mvua zikinyesha, mto Mkondoa ukafurika, reli ikakatika huko Kidete na treni ya mizigo ikalala siku kadhaa, wengine walilalamikia bei ya vitu. Mkufunzi alitembea mpaka stesheni kuuliza maswali. Tope lilianzia wapi? Nani aliliona kwanza? Simu ilipigwa saa ngapi, ikapokelewa na nani, na huyo aliyepokea alikuwa amekula? Akirudi alitukalisha mimi na kaka yangu, akatuonyesha kwamba hakuna kosa hata moja kubwa lililosimamisha treni ile. Yalikuwa makosa madogo saba yaliyosuguana. "Jeshi ni hivyo hivyo," alisema. "Ramani inasema saa mbili za kutembea. Ramani haina viatu vinavyobana." Msuguano huo, alisema, ndio Mjerumani wake aliouona mapema kuliko wenzake, na ndio unaowafanya majenerali wenye vifaru na ndege washindwe na watu wenye kandambili. Mwenye kandambili ana vitu vichache vya kuharibika.

Nilipotoka chuo cha maofisa na nyota yangu moja begani, nilikuwa moto. Nilijua kila kitu. Nilimkuta amestaafu, anafuga kuku, nikamwambia wazi kwamba wazee wake wamepitwa na wakati. "Wao walipigana uwanjani, Mkufunzi. Majeshi mawili yanatazamana, tarumbeta zinalia, farasi wanapiga kwato. Leo adui hana sare. Asubuhi anakuuzia vocha, mchana anatega bomu njiani, jioni yuko msibani pamoja na wewe. Sisi tuna droni. Mjerumani wako angeona droni angezimia."

"Farasi wamekufa," akasema. "Woga nao umekufa?"

"Sijasema hivyo."

"Tamaa je? Kuchoka? Mtu kutomwamini kamanda wake? Hivyo navyo mmevifuta huko chuoni?"

Nikapandwa na hasira. Nilikuwa na hasira naye mara nyingi, na niseme ukweli, nilimpenda kwa sababu hiyo. Watu wengine walinipongeza kwa ile nyota. Yeye peke yake aliniuliza nitaitumia kufanya nini.

Kuhusu nyota hiyo tulipata shida kidogo ya itifaki. Kwa cheo nilikuwa nimempita, kwa umri ni baba yangu. Mara ya kwanza nilipokwenda kwake nimevaa gwanda nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akakakamaa na kunipigia saluti huku kuku wakikimbia huku na huku. Nikaona aibu nikataka kulia. Akasema hajafanya mzaha, kila kimoja kina mahali pake, na mtu anayetupa kimoja kwa sababu amepata kingine atakuja kukosa vyote. Tangu siku hiyo nilibadili nguo kabla ya kuvuka ua wa minyaa.

Usidhani kila kitu chake kililingana. Aliyefundisha watu kuua hakuweza kuchinja kuku. Kweli, hakuweza. Alimpeleka kwa jirani, akageuka upande wa pili, akasubiri. Aliyesoma ramani usiku kwa vidole alipotea sokoni Morogoro kila alipokwenda, akatokea mlango usio wake na kudai kwamba mlango umehamishwa. Alihubiri kusikiliza, lakini mkewe alipozungumza alikuwa tayari ameshaanza kujibu. Mkewe, Mungu amrehemu, alizoea. Alituambia sisi majirani, "Anajua kitovu cha adui kilipo. Chumvi ilipo hajui." Kitovu lilikuwa neno la Mkufunzi, alilolitoa kwa Mjerumani wake. Alisema kila nguvu inayosimama inashikiliwa na kitu fulani, na kazi ya kamanda ni kukitafuta kitu hicho badala ya kupiga ovyo pembeni.

Wakulima wa kijiji cha Tindiga walimfuata mwaka mmoja ng'ombe walipoingia kwenye mpunga. Ilikuwa mara ya pili msimu huo. Walikuja wanaume kama kumi na watano, wana mapanga, wana hasira, na wana haki yao pia, maana mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Walimtaka awapangie mtego wa kuwavizia wafugaji kwenye kivuko. Nilikuwepo, nimekuja likizo, na nakiri kwamba kichwani nilikuwa nimeshaanza kuupanga ule mtego, wapi akae nani. Mkufunzi akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mkishinda, siku ya pili mnataka iweje?"

"Watakoma," mmoja akasema.

"Watakwenda wapi?"

"Wajue wenyewe."

"Hawana pa kwenda. Kwa hiyo siku ya pili watakuwa palepale, na wana maiti. Nauliza tena. Siku ya pili mnataka iweje?"

Wakatazamana. Mimi nikaacha kuupanga ule mtego kichwani. Akawaambia vita isiyo na siku ya pili yeye haifundishi, wakatafute mwingine. Walimtukana. Mmoja alimwita mwoga mbele ya mkewe. Alivaa kofia yake akaenda nao Tindiga hivyo hivyo, akakaa siku tatu akizunguka kati ya wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji, akarudi amekonda na njia ya mifugo imekubaliwa. Njia yenyewe ilikuja kuvunjwa baadaye, sitaki kudanganya. Ila msimu ule hakuzikwa mtu.

Huko Mikumi, alikoolewa binti yake, shamba la mahindi linapakana na hifadhi, na tembo wanaingia. Wakulima wamejaribu kila kitu, pilipili kwenye kamba, mizinga ya nyuki, madebe. Mkufunzi akiwatembelea alikuwa akiwauliza wamelinda wapi na tembo alipita wapi. Aligundua kwamba tembo hakupita kwenye mahindi mazuri zaidi wala kwenye uzio mbovu zaidi. Alipita kwenye mpaka wa mashamba mawili ambayo wenyewe walikuwa hawasemezani, kila mmoja akimwachia mwenzake zamu. Alinipigia simu kambini kuniambia hilo, kwa furaha kama mtu aliyepata mjukuu. "Mwanangu, tembo ndiye mwasi wako! Hapigani na walinzi. Anapigana na ugomvi wao. Mchina aliyajua haya kabla ya baruti." Nikamwambia Mchina hakuwahi kufika Mikumi. Akakata simu.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifundisha. Nilipokuwa kidato cha nne alirudi kutoka nchi ya jirani, ambako kikosi chake kilikuwa kimepelekwa kulinda raia dhidi ya waasi. Alistaafu mwaka huohuo. Na tangu aliporudi hakuhesabu tena. Tukipita kibarazani kwa watu alisalimia, akaitikiwa, akaendelea na safari. Nilimuuliza, "Huyu je, kaitikiaje?" Akasema, "Kaitikia." Basi.

Sababu niliikuta chuoni, miaka baadaye, kwenye somo. Mhadhiri alitusimulia kisa bila kutaja mtu wala kikosi. Mshauri mmoja mkongwe, akitegemea nadharia za zamani, aliamua kwamba kitovu cha kijiji fulani ni wazee wake, akawapima kwa namna walivyoitikia salamu, akamwambia kamanda kwamba kijiji ni salama. Ulinzi wa daraja ukapunguzwa. Askari watatu wakafa hapo. Mhadhiri akahitimisha kwamba nadharia za kale zimekufa katika vita vya waasi, na darasa zima likaandika. Mimi sikuandika. Nilijua ni nani duniani anayepima marahaba.

Nililiweka jambo hilo moyoni, na ningeliacha hukohuko kama ningekuwa na busara. Sikuwa nayo. Siku moja tulikuwa tunabishana kama kawaida yetu, amenibana kwa hoja, nami nikakosa pa kutokea. Nikasema, "Na kile kijiji chenu je, Mkufunzi? Mjerumani alikusaidia nini?"

Alisimama. Aliingia ndani. Mkewe alitoka akanitazama, akasema taratibu, "Nenda nyumbani, mama." Miezi minane hatukusemezana. Katikati ya miezi hiyo mkewe alifariki. Nilizika pamoja na watu wote, nilimpa pole, akaipokea kama anavyopokea ya mtu yeyote. Kisha binti yake akamchukua wakaishi wote Mikumi.

Ndipo amri yangu ikatoka. Kombania yangu nzima ilikuwa inakwenda, na inakwenda kwenye vita ya aina ileile, vijiji vilevile vya kupita na kusalimia, waasi walewale wasio na sare. Mimi, nyota begani zikiwa zimeshaongezeka, ndiye kamanda. Wengi wa askari wangu hawajaoa. Nililala na majina yao kichwani. Chuo kilikuwa kimeniambia nisahau ya kale, Mkufunzi alikuwa ameniambia maisha yangu yote nishike ya kale, na mtu pekee aliyejua kilichotokea kijijini alikuwa hasemi na mimi. Nikapanda basi la Mikumi. Nilijiambia sitarudi bila jibu, hata akinifukuza nitakaa barabarani mpaka atoke.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua maharage ya binti yake, anayewapikia madereva wa malori. Fimbo ya kufukuzia nyani ilikuwa imeegeshwa karibu. Nilimwamkia. Akaitikia bila kuinua macho. Nikakaa chini, nikavuta ungo mwingine, nikaanza kuchambua na mimi.

"Naondoka wiki ijayo," nikasema. "Na kombania."

"Nimesikia."

"Kwanza nisamehe kwa lile neno."

"Neno lilikuwa la kweli. Ulilisema vibaya."

"Basi nisamehe kwa kulisema vibaya. Pili, nataka unieleze kijijini kulitokea nini. Ya chuoni ninayo tayari. Nataka yako."

Alichambua ungo wake mpaka ukaisha. Nilifikiri ameninyima. Kisha akaanza, kwa sauti ya kutoa taarifa, kama aliyekuwa ameipanga miaka mingi.

"Tulifika saa nne asubuhi. Wazee walikuwa saba. Niliwaamkia mmoja mmoja, kwa umri, nilivyolelewa. Marahaba zao zilikuwa ndefu sijapata kusikia. Wanavuta, wanashika mkono hawaachii, mmoja alitokwa machozi. Nikamwambia kamanda, hawa ni wetu."

"Walikudanganya?"

"Hapana!" Alipiga goti lake kwa kiganja. "Hapo ndipo chuo chenu kinapokosea. Hawakudanganya hata kidogo. Walitupenda kwelikweli. Unajua kwa nini? Walikuwa na miaka hawajaamkiwa. Vijana wao wenyewe walikuwa wanawapita kama visiki. Wale wazee walikuwa na njaa ya shikamoo, mwanangu, na mimi nikaisoma njaa yao nikadhani ni mamlaka. Walitupa walichokuwa nacho. Hawakuwa na kitu."

Nikamsogezea maharage mengine. Akaendelea.

"Na kitovu nilikiona. Hilo ndilo linaloniamsha. Pale kisimani palikuwa na pampu, na kijana aliyeshika ufunguo wake, hana hata ndevu. Wanawake wa umri wa mama yake walikuwa wanamwamkia yeye kwanza. Niliona kwa macho haya. Nikasema moyoni, watu wa huku hawana adabu. Nikageuka nikarudi kwa wazee wangu, tukala kuku."

"Yule kijana alikuwa wa waasi."

"Maji yote yalikuwa ya waasi. Aliyekunywa alikuwa mtu wao. Mjerumani alinituma nitafute kinachowashikilia adui zangu. Hakuniambia ni wazee. Wazee niliondoka nao nyumbani Kilosa, nikaenda kuwatafuta kule, nikawapata, nikafurahi." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Walinifundisha swali, wale wa kale. Jibu nilikwenda nalo mwenyewe kutoka nyumbani, mfukoni."

Nikamwambia nilichokuwa nimeamua palepale, nikichambua maharage yake. Kwamba kijiji cha kwanza nitakachoingia nitakaa siku nzima bila kuamua lolote. Wazee nitawaamkia kwa sababu ni wazee. Lakini nitaweka watu wa kutazama nani anaamkiwa na nani, nani akipita mazungumzo yanakatika, nani ana ufunguo wa nini. Na askari wa darajani hawatapungua hata mmoja kwa sababu mtu fulani amenishika mkono vizuri.

"Utakosea na wewe," akasema.

"Najua."

"Usiseme najua. Utakosea. Una jibu lako la mfukoni, hulioni kama nilivyokuwa silioni langu. Ila usikosee palepale nilipokosea mimi. Hapo patakuwa uvivu."

Binti yake alitoka kuniambia basi la Morogoro limefika barabarani. Nilisimama nikajikung'uta makapi. Mkufunzi naye akasimama, kwa shida, akishikilia ukuta. Akaniambia nisiende bado. Akataja majina ya wale watatu wa darajani, cheo cha kila mmoja na kijiji alichotoka, akaniambia niyarudie. Nikayarudia, nikakosea la pili. "Tena," akasema. Basi likapiga honi. Nikarudia, nikapata majina nikakosa kijiji cha mmoja. "Tena." Honi ikapigwa mara ya pili, binti yake akakimbia kumwomba kondakta asubiri, nami nikakaza miguu yangu nikayataja yote matatu, majina na vyeo na vijiji, kwa sauti, mpaka yakatoka bila kosa.

"Sasa una kombania na watu watatu," akasema. "Nenda nao."